Kilwa kutoka upande wa bara

Mhadhara uliotolewa Marambo mbele ya wazee, walimu na wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa

 

Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi ya kuongozwa katika magofu na mitaa ya kale. Nitaanza na swali la mtoto, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali wito huu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa walimu waliowapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Kilwa Kisiwani. Tulipita Nanganga, Mtama, Mnazi Mmoja, tukaiacha Lindi nyuma, tukafika Nangurukuru usiku, watoto wamelaliana mabegani. Asubuhi tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Mwongozaji wetu alikuwa kijana hodari. Aliijua miaka, aliwajua masultani mmoja baada ya mwingine, alijua hata pa kutusimamisha ili jua lisitupige machoni. Mbele ya Msikiti Mkuu akatuhadithia habari za Washirazi, za Waarabu, za Wareno, za Wajerumani na za Waingereza. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Binti mmoja, mtoto wa mkulima wa ufuta, akanyoosha mkono akasema: "Na sisi tulikuwa wapi?" Mwongozaji akafikiri kidogo, akajibu kwa upole: "Ninyi mlikuwa huko huko bara." Kisha akatuashiria tuendelee na njia.

Hakutudanganya. Kweli tulikuwa bara. Lakini alilitaja bara kama mtu anavyoutaja uani, mahali ambapo kazi zote hufanyika na mgeni hapelekwi. Tangu siku ile nimerudi Kilwa mara nyingi, na kila mara nimetembea na swali la yule binti. Nilichokiona ni hiki: hakuna jengo pale lisilo na mkono wa bara, na matembezi yanayoanzia gatini yameanzia katikati ya habari. Mwanzo wake uko huku kwetu.

Kazi ya kuwaongoza wageni kwenye magofu ni ya siku nyingi. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Mgiriki aliyeitwa Pausanias aliizunguka nchi yake, akaandika vitabu 10 vya kueleza mahekalu, makaburi na masanamu aliyoyaona. Humo anawataja wenyeji waliomtembeza na kumsimulia, na pengine anasema wazi kwamba hakubaliani nao. Hata leo mgeni wa Athens hupandishwa Akropoli akaonyeshwa Parthenon, kisha akateremshwa Plaka, mtaa wa kale ulio chini ya kilima hicho hicho, wenye vichochoro na watu wanaoishi humo. Mpangilio huo naupenda: ukitoka kwenye mawe yaliyonyamaza unaingia kwenye nyumba ambamo chungu kiko jikoni. Sisi tunao pia. Kilwa Kisiwani kuna magofu. Kilwa Kivinje kuna mtaa wa kale. Wengi huonyeshwa cha kwanza wakarudi makwao bila kukiona cha pili.

Na Wagiriki hawa wanatuhusu kwa karibu zaidi ya hapo. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha kitabu kidogo cha kueleza safari za bahari yetu, bandari kwa bandari. Anashuka na pwani ya Afrika Mashariki mpaka soko la mwisho alilolijua, Rhapta. Wapo wataalamu wanaolitafuta soko hilo kwenye delta ya Rufiji. Anataja vilivyouzwa huko: pembe za ndovu kwa wingi, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Kasa ni wa baharini, mvuvi humpata. Lakini ndovu na kifaru hawaishi kwenye ngalawa. Kwa hiyo tangu ukurasa huo wa kale, kabla ya Uislamu, kabla ya jiwe la kwanza la Kilwa, kuna mtu anatembea kutoka upande wetu akiwa na mzigo kichwani.

Sasa tuvuke.

Mashua inapokaribia Kisiwani, jengo la kwanza linalojitokeza ni Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505. Kuta nyingi tunazoziona leo ni za wakati wa Waomani. Wageni hupenda kupiga picha hapo. Mimi huwaomba wanafunzi wageuke kwanza, waipe ngome mgongo, watazame tulikotoka. Mkondo ule kati ya kisiwa na bara una hadithi yake. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyekuja kutoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mfalme wa bara aliyekimiliki, na bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mfalme akazipokea, akahamia ng'ambo. Baadaye akajuta, akataka kurudi kwa vita wakati wa maji kupwa, maana siku hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Alipofika ufukweni akakuta wageni wamechimba mkondo, maji hayapungui tena.

Wanahistoria wanabishana juu ya hadithi hiyo, na ubishi wao una maana. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyechimba Kilwa kati ya miaka ya 1958 na 1965, walikuta kwamba chini ya mji wa mawe kuna kijiji cha udongo cha wavuvi na wahunzi, kilichokuwapo kabla ya masultani. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Kilwa na Songo Mnara, walitangaza kwamba upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa akina baba ulichanganyika na Waajemi kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hiyo mwongozaji akisema "Washirazi waliujenga mji huu" amesema habari za baba na kumsahau mama. Mama alikuwa wa hapa. Lugha tunayozungumza ni yake.

Lakini hata kama ni hekaya, mkondo ule uliochimbwa naushika sana. Umefika katika vichwa vyetu. Mtu wa Kilwa na mtu wa Nachingwea wako mkoa mmoja wa Lindi, na maji ya Mto Mbwemkuru yanayotoka upande wetu yanaingia bahari ile ile, kati ya Kilwa na Lindi. Hata hivyo tunafundishwa historia ya Kilwa kana kwamba ni ya nchi nyingine.

Msikiti Mkuu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea kwa haraka. Huingia, hutazama juu, husema "kubwa," hutoka. Ningependa mwongozaji awaketishe watu kimya dakika 10 kwanza. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12. Ilikuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo 9. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaongeza sehemu ya kusini iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, yenye kuba. Jengo likabomoka, likajengwa tena karne ya 15, na nguzo zenye pande 8 unazozishika leo ni za matengenezo hayo.

Naam, zishike. Weka kiganja. Utasikia vitundu vidogo vidogo kama vya mkate wa kumimina. Hilo ni tumbawe. Mafundi wa Kilwa walitumia namna mbili. Kuta zilijengwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu. Lakini mihrabu, mizingo ya milango na nakshi zilichongwa katika tumbawe laini lililokatwa likiwa hai chini ya bahari, likaletwa pwani lingali linadondoka maji, likachongwa mara moja, maana likishakauka kwa hewa linakuwa gumu, patasi haiingii vizuri. Fikirini ratiba ya fundi huyo: wapiga mbizi wanategemea maji kupwa, na yeye anawategemea wapiga mbizi.

Halafu chokaa. Yeyote aliyeona tanuri la chokaa pwani anajua linavyopangwa: magogo huwekwa duara, mengine juu ya mengine, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa katikati. Ukizima, kinachobaki ni unga mweupe unaozimwa kwa maji ukaachwa upoe na kuiva. Kwa ukuta mmoja zinahitajika kuni kiasi gani? Kwa msikiti mzima? Kwa mji mzima, miaka 400? Kisiwa kile si kikubwa. Magogo mengi kiasi hicho hayawezi kutoka kisiwani peke yake. Yalikatwa ng'ambo, yakabebwa, yakavushwa.

Tazameni pia tundu za boriti kwenye kuta, mstari mmoja ulionyooka juu ya vichwa vyetu. Humo ziliingia nguzo za mikoko. Mkoko ukitoa boriti nzuri, urefu unaobeba dari nzito ni kama mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vingi vya Kilwa na vya Songo Mnara ni vyembamba na virefu. Tajiri angeweza kupata vyumba vingi, lakini hakuweza kupata chumba kipana. Mti ndio uliopima nyumba. Ukimwonyesha mwanafunzi tundu moja la boriti na ukamwacha aingize mkono wake humo, amejifunza zaidi ya saa nzima ya kutajiwa tarehe.

Kutoka hapo njia hupita Makutani, jumba la masultani wa baadaye na boma lake, kisha hupita kijijini. Nasisitiza: kijijini. Kisiwani si jumba la makumbusho. Kuna watu, kuna shule, kuna akina mama wanaopepeta, kuna mtoto anayechunga mbuzi juu ya ukuta wa karne ya 15. Mwongozaji mwema hupiga hodi. Husalimia kwanza, hueleza msafara wake umetoka wapi, na hamwachi mgeni kumlenga mtu kamera kabla ya kumwomba.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya gema linalotazama bahari. Ni jumba la al-Hasan bin Sulaiman huyo huyo, la vyumba zaidi ya 100, lenye bwawa la kuogea la pande 8, ambalo halikukamilika. Wengi hulikumbuka bwawa. Mimi huwapeleka watu kwenye ule uwanja mkubwa wa upande wa pili uliozungukwa na vyumba vya ghala. Mwaka 1331, wakati wa sultani huyu, Ibn Battuta alifika Kilwa. Anasimulia kwamba fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, na sultani akamvulia kweli. Watu walipomsifu, mwanawe akazichukua nguo zile na kumpa fukara watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Na Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi za nchi hii kwa kawaida ni pembe, dhahabu ni nadra.

Msimulizi alikusudia tumwone sultani mkarimu, na hakika wakati ule alisifiwa kwa hilo. Sisi tuliosimama kwenye ghala lake tuhesabu: watu 20 na mizigo 2. Watu hao walikuwa na kwao. Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani alikuwa akienda kuvamia nchi za watu wa bara. Nikifika hapo huwaambia wanafunzi wangu: yule binti aliuliza tulikuwa wapi. Mmoja wetu alikuwa humu ndani.

Dhahabu nayo ilikuwa na miguu. Ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikashuka mpaka Sofala, ikapanda kwa vyombo hadi Kilwa. Waongozaji hupenda sana kusimulia zile sarafu 5 za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ni habari nzuri. Lakini kuna sarafu nyingine, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, iliyopatikana Great Zimbabwe, na hiyo naiona ya ajabu zaidi, maana hakuna merikebu inayofika pale. Sarafu ile ilipandishwa na mtu mwenye miguu.

Wareno walipokuja walijua wanachokitaka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikakamilishwa kuwa chombo cha ibada kinachojulikana kama Monstransi ya Belém. Mpaka leo kiko katika jumba la makumbusho la mji huo, kinang'aa nyuma ya kioo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia na kuupora mji. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao wakaondoka. Songo Mnara, mji wa nyumba nzuri za mawe kusini ya Kisiwani, nao ukabaki mtupu. Anayepata siku ya ziada na maji ya kutosha ya kufikisha mashua aende. UNESCO iliitia miji hiyo 2 katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu bahari ilikuwa inaila na mizizi inaipasua, na mwaka 2014 ikatolewa kwenye orodha hiyo baada ya kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko. Mafundi wa kijijini walikuwa humo. Nao watajwe.

Nimekwisha kuwachosha na jua la Kisiwani. Twende Kivinje.

Kabla ya kufika, tukumbuke mkataba mmoja. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mkataba unataja idadi na bei ya kila kichwa, piasta 20. Karne iliyofuata biashara hiyo ikahamia hasa Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, mahali ambapo misafara kutoka Ziwa Nyasa ilifikia baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Hesabu za forodha za miaka ya 1860 zinaonyesha watu karibu 20,000 kwa mwaka wakipitishwa hapo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, ukiacha sufuria yake na mkeka. Mateka wengi walibebeshwa pembe hizo hizo. Kwa hiyo pembe na mbebaji viliuzwa siku moja.

Ukiingia Kivinje leo unapokewa na mivinje ufukweni na upepo. Boma la Wajerumani linatazama bahari, paa limekwisha. Barabara kuu ina nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Nyingine zina watu, nyingine zina mti wa mwarobaini uliotokea dirishani. Nilisimama siku moja mbele ya mlango wa nakshi ambao nusu yake moja ilikuwa imeondoka. Nusu iliyobaki ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kwenye msumari, na chini yake bibi mmoja alikuwa anauza visheti kwenye sinia. Nikamwamkia, nikamuuliza mlango huu ni wa nani. Akasema, "Wa marehemu mume wangu, mwanangu. Ule mwingine walikuja watu na gari, wakataka wauchukue na huu. Nikawaambia huu ndio ninaofungia nyumba." Nikanunua visheti. Nikaketi naye barazani mpaka alasiri, na matembezi yangu ya siku ile yakaishia hapo, wala sijutii.

Ni huko Kivinje ambako mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari, Makunganya, aliyewapinga kutokea bara nyuma ya mji. Wenyeji watakuonyesha mahali pa mwembe wa kunyongea. Miaka 10 baadaye, Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Matumbi waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vikaja Liwale, vikashuka kwa Wamwera, Nyangao ikachomwa, Masasi ikashambuliwa. Hapo, wazee wangu, sitaki kuwasomea vitabu, kwa sababu babu zenu walikuwamo na mnayajua mengine ambayo hayajaandikwa. Ninachoomba ni kwamba vijana hawa wakae nanyi na daftari kabla mwaka haujaisha.

Basi niseme kuhusu matembezi ya huku kwetu.

Mtu ataniuliza: Nachingwea na Ruangwa zina magofu gani? Zina njia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetunga kitabu cha kujifunzia Kiswahili, alitoka Lindi akipita nchi hii kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akiwarudisha makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walisema hapa panafanana na kwetu, wakabaki. Hiyo ni njia ile ile ya pembe na minyororo, mara hii watu wanaelekea nyumbani. Kuanzia 1909 hadi 1913 wapagazi wa mkoa huu walibeba vichwani mifupa ya mijusi wakubwa kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Anayetembelea jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin anaonyeshwa mjusi mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina hilo mtoto wa Lindi alijue kabla ya jina la mjusi.

Halafu karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakaleta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya kivita. Wakajenga mji, wakajenga uwanja wa ndege, wakajenga reli ya kuziteremsha karanga baharini. Wakaanza kung'oa miti kabla ya kuujua udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa Uhuru. Tuta lake bado lipo, na mtu anayejua atakuonyesha linavyopita kati ya mikorosho, limenyooka kupita kiasi kwa njia ya kawaida.

Juu ya gofu hilo la karanga kuna jambo kubwa zaidi. Farm 17, jina lililobaki kutoka mashamba yale yale, ikawa kambi ya FRELIMO. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kikaanza vita Septemba 1964, na wapiganaji wake wengi walifunzwa hapa kwetu chini ya Samora Machel. Bibi zetu waliwauzia mihogo. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Mwongozaji wa Farm 17 atasimulia hayo kwa fahari, na ana haki. Lakini asimulie na mwaka huo huo wa 1975, siku Uria Simango na wapinzani wengine wa FRELIMO waliposimamishwa hapo hapo na kulazimishwa kukiri makosa hadharani. Baadaye wakauawa kwao. Sisemi hili ili kuharibu sherehe. Nimesema kwa ukali juu ya ghala la sultani, na siwezi kulegea ninapofika nyumbani.

Shule niliyoanzia kufundisha, kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe kwa waya, na mpigaji alitumia nondo. Sauti yake ilifika mpaka mashambani. Nilifundisha historia pale miaka 3, nikawafundisha watoto reli ya Uganda na reli ya TAZARA, na kila kipindi kilianza na kuisha kwa mlio wa reli ya Nachingwea bila mimi kuitaja hata siku moja.

Jumamosi ijayo tutaanza. Tutakutana Nachingwea mjini saa 12 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wazee watatu wamekubali kutuonyesha tuta la reli, kisha tutakwenda Farm 17. Tumepanga kilomita 9 kwa jumla, tutapumzika mara mbili chini ya miembe, na watakaochoka watarudishwa kwa bajaji. Kila mtu aje na maji yake, daftari, na viatu alivyokwisha kuvizoea. Msikanyage shamba la mtu. Ufuta ndio kwanza unachipua. Yule binti aliyeuliza swali mbele ya Msikiti Mkuu sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Jana usiku alinipigia simu kwamba anakuja na darasa lake, na nimemwomba atangulie yeye.